Kinusi cha Nyumba Ishirini na Saba

Mzee Pazi fundi baiskeli alifariki alfajiri, na saa mbili asubuhi kinusi cha nyumba ishirini na saba kikawaka chekundu.

Haya mawili hayahusiani kabisa. Mzee Pazi alikuwa na miaka tisini na moja, kafa usingizini kama mtu aliyemaliza zamu yake. Lakini Nesi Nyamizi, kasimama mlangoni mwa zahanati ya Msangule, simu mkononi, mswaki bado mdomoni, aliona palepale haya mawili yatakutana wapi mchana huo. Kwenye sahani.

Nyumba ishirini na saba ni kwa Bi Mwanamvua. Na hakuna msiba Msangule ambao Bi Mwanamvua hapiki.

Alitema povu, akafungua ujumbe.

*Taifodi. Mtu mmoja. Hana homa. Mbebaji. Kazi: mpishi. Msiba katani: leo.*

Chini yake vitufe viwili. TANGAZA. DHAMANA. Na saa ndogo inayorudi nyuma mpaka saa saba mchana.

Kinusi chenyewe ni kidude cha ukubwa wa kifuniko cha soda, kimebandikwa kwenye bomba la kila choo. Kila asubuhi kinanusa kilichopita. Kikikuta kipindupindu, minyoo, taifodi, kinatuma habari kwa mtu mmoja tu duniani, nesi wa kata. Mwenyekiti hapati. Mganga mkuu hapati. Watu wa Msangule walikataa vinusi miaka miwili mizima, "choo changu na mimi, nyie mnatafuta nini humo?", mpaka ilipopitishwa Sheria ya Siri ya Choo. Nesi anamwambia mwenye choo, basi. Ila akiona hatari kwa wengi anabonyeza TANGAZA, na simu zote za kata zinalia kwa pamoja na namba ya nyumba. Asipobonyeza chochote mpaka muda uishe, mfumo unatangaza wenyewe.

Na DHAMANA? Hiyo hakuna nesi anayeipenda. Maana yake nyumba haitangazwi, ila nesi kajiweka yeye mbele. Mtu yeyote aliyekula akiugua taifodi ndani ya siku thelathini, jina litakalolia kwenye simu ni la nesi, na leseni inakwenda.

Nyamizi alimfikiria Mama Kuruthumu, kata ya jirani. Alikuwa anakaanga samaki. Akatangazwa, akatibiwa, akapona, kinusi chake kijani mwaka wa pili sasa. Karai lake limeota kutu. Watu wanampita wanamsalimia vizuri sana, halafu wanakwenda kununua kwingine.

Akasukutua mdomo, akaondoka.

*

"Hodi hapa!"

"Pita, nesi. Pita tu, nina vitunguu."

Bi Mwanamvua alikuwa uani kwenye kigoda, kanga kaifunga kiunoni, mbele yake ndoo mbili za vitunguu na beseni la nyanya. Wanawake wenzake walikuwa wamekwenda kufuata kuni. Afadhali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umesikia? Pazi katutoka." Kisu hakikusimama. "Mwaka jana yuko pale anaziba pancha, akaniambia mwenyewe. Mwanamvua, siku yangu ikifika pilau upike wewe, na kachumbari uitie ndimu mpaka wasionililia walie." Akacheka, akajifuta jicho kwa kiwiko. "Sasa hapa hata sijui. Namlilia Pazi au nalia kitunguu."

Nyamizi alikaa chini kwenye jamvi, chini kuliko kile kigoda. Ndivyo alivyofundishwa, habari nzito usiitoe umesimama.

"Mama, nimekuja na habari ya kinusi."

Kisu kikasimama.

"Mimi siumwi."

"Huumwi. Ndiyo yenyewe hiyo." Alisema polepole. "Zamani, uliwahi kupata homa kali, ya siku nyingi?"

"Nilipokuwa na mimba ya Salumu. Wiki tatu sijui usiku wala mchana."

"Ulipona wewe. Vijidudu vingine havikuondoka. Vilijificha kwenye mfuko wa nyongo, vikakaa humo kimya, wewe havikudhuru. Siku nyingine vinatoka na choo, siku nyingine havitoki, ndiyo maana kinusi hakikuviona mpaka leo. Mtu akinawa haraka haraka vinabaki kwenye vidole, chini ya kucha."

Bi Mwanamvua alizitazama kucha zake. Kulikuwa na vipande vya kitunguu.

"Harusi ya binti wa Bi Sijali," akasema. "Waliugua saba."

"Mama..."

"Maulidi ya mwaka juzi. Wanne. Chausiku akatoboka utumbo, wakampasua."

"Hatuwezi kujua kwa hakika kama..."

"Mimi ndiye nilikuwa nampelekea uji hospitali, nesi. Kila siku. Kwa mikono hii."

Kuku alipita, akadonoa ganda la kitunguu, akaliacha.

"Dawa ipo," alisema Nyamizi. "Wiki nne, asubuhi na jioni, na vinaondoka kabisa. Lakini leo upumzike. Sema mgongo."

"Mgongo!" Bi Mwanamvua aliguna. "Tangu mtuletee hivyo vidude nani anaamini mgongo wa mtu? Ukikaa pembeni siku moja, mtaa mzima unatazama choo chako. Nikose jikoni msiba wa Pazi? Pazi? Kabla ya magharibi nimeshakuwa Mama Kuruthumu."

"Watu mia nne watakula, mama."

"Nitanawa mpaka kwenye viwiko."

"Kunawa kunasaidia sana. Ila kwa kitu kibichi cha kukatwa kwa mkono, leo siwezi kukuambia kunatosha."

Bi Mwanamvua akamtazama usoni. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Nikuulize kitu, mwanangu, unijibu kweli. Nikikupa sahani sasa hivi, wewe ungekula mkono wangu?"

Nyamizi alifungua mdomo. Kilichomjia kilikuwa jibu la darasani, halafu jibu la huruma, na yote mawili yakakwama. Sekunde tatu zikapita, nne, tano. Bi Mwanamvua alizihesabu zote.

"Haya," akasema, akachukua kisu chake. "Nenda mama. Nina watu mia nne."

*

Saa nne na nusu. Zahanati ilikuwa tupu, watu wote wako msibani. Shija tu alikuwa juu ya ngazi anafuta vumbi kwenye sola. Shija ni fundi wa vinusi, kijana wa Kisukuma, mrefu mpaka anainama kila mlango, na mdomo wake haujawahi kupata likizo.

"Dada, mbona uso kama umelamba betri?"

"Shija, nyamaza kidogo nifikiri."

Alichukua boksi tupu la glovu, akaligeuza, akaanza kuandika nyuma yake. Aliandika *pilau*. Inachemka saa nzima na zaidi, na kijidudu cha taifodi hakivumilii hata dakika chache kwenye maji yanayochemka. Pilau ikipakuliwa inafuka moshi, na anayepakua akiwa mtu mwingine, haina neno. Akaandika *nyama*, akaifuta, ile ile. Akaandika *kachumbari*, akaizungushia duara. Kachumbari haionji moto. Imetoka kisuni, imetoka mkononi, imekwenda mdomoni. Na ndimu, jamani, watu wanaamini ndimu inaua kila kitu. Haiui. Akaandika *ndizi zilizomenywa, maji ya jagi, bakuli moja la kunawia watu kumi*. Duara, duara, duara.

Mfumo ulikuwa umeandika: *chakula chote, zuia*. Mfumo haujawahi kupika.

Kwa hiyo hatari si msiba mzima. Ni mikono miwili, na vitu vitatu vinne. Tatizo ni jinsi ya kuiondoa ile mikono mbele ya watu mia nne wenye macho na simu, na asiwepo hata mmoja wa kuuliza kwa nini.

"Na mimi nina shida yangu," Shija alisema kutoka juu, kashindwa kunyamaza. "Wazaramo wamenikamata pale njiani. Wananiuliza watani wao tuko wapi. Fundi mkubwa kafa, kata nzima watani ni Msukuma mmoja na Mnyamwezi mmoja, na wote hatujaonekana. Wewe ndio wanakulalamikia zaidi. Wanasema miaka mitatu uko hapa, misiba yote unakuja na kilo ya sukari unakaa mwisho wa mkeka. Wanakuita mtani wa barafu."

Nyamizi aliacha kuandika.

Bibi yake kule Urambo alimsimulia mara mia. Wazaramo ni watani wetu tangu enzi za misafara ya pwani. Kwenye msiba wao mtani anaingia na vurugu zake, anamwigiza marehemu, anaficha jeneza, anateka chungu, anatukana wafiwa mpaka wacheke na machozi yao. Kitu ambacho mtu mwingine akikifanya anapigwa, mtani akikifanya anashukuriwa. Na hakuna anayemuuliza mtani kwa nini. Kwa nini yake ni hiyohiyo, ni mtani.

Ila Nyamizi alikuwa na haya. Darasani alikuwa anajibu maswali kwa kunong'ona.

"Shija. Unajua kukata vitunguu?"

"Vitunguu vya nini?"

"Usiniulize. Na baraghashia ya Mzee Pazi, ile ya mafuta ya mnyororo, unadhani Bi Sijali atatuazima?"

"Mke wake? Kwa watani? Atalia kwa furaha." Shija alishuka ngazi mbilimbili. "Dada Nyamizi, umeamka!"

Alitoa simu. Kabla ya kutoka mlangoni alibonyeza DHAMANA. Mfumo ukamuuliza, una uhakika? Hakuwa na uhakika hata kidogo. Akabonyeza tena.

*

Wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, vumbi miguuni, wakati baiskeli ilipoingia uani kwa marehemu bila breki.

Juu yake Nesi Nyamizi. Baraghashia ya Mzee Pazi imemfunika mpaka nyusi, pampu ya baiskeli kaishika kama bunduki. Nyuma, kwenye kiti cha abiria, Shija, magoti yamegusa masikio.

"Nani kaniziba udongo na pancha zangu sijamaliza?" alipiga kelele Nyamizi. Sauti ilimkatika katikati kwa woga, na kwa bahati ikatoka ya kukwaruza kabisa kama ya mzee mwenyewe.

Ua mzima ukageuka. Kisha Bi Sijali, mjane, mwenye msiba, akaachia kicheko kilichotoka pamoja na kilio. "Yallah! Watani wamekuja! Hata yule wa barafu!"

"Barafu imeyeyuka!" Nyamizi alishuka, akanyoosha pampu jikoni. "Hili jiko limetekwa! Wazaramo mnajua kula tu, kupika mnajua lini? Shija, kamata mpishi mkuu!"

Chini ya turubai, Bi Mwanamvua alikuwa kashika mwiko. Pembeni yake masinia matatu makubwa ya kachumbari yamepangwa tayari, nyekundu na nyeupe, yanang'aa kwa ndimu. Alimwona Nyamizi anakuja na kanga mkononi. Akaona ile kanga ni ya kufungia. Na pale akaelewa.

Ilikuwa nafasi yake ya kukataa. Angesema neno moja tu, "niache", na utani ungeishia hapo.

Aliweka mwiko chini. Akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, kama mtu anayepokea.

"Nifunge vizuri, Mnyamwezi mchafu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Usije ukasema nilitoroka."

Watu walivunjika mbavu. Nyamizi alimfunga polepole, mafundo mawili, akamkalisha kwenye kiti. Akamgeukia umati.

"Mateka hashiki kisu! Hashiki mwiko! Hashiki sahani! Ana mdomo tu, na mdomo tunamwachia maana hata sisi hatuuwezi!"

"Mdomo wenyewe unatosha!" alijibu Bi Mwanamvua. "Geuza pilau hiyo, usitazame simu, inaungua!"

Kisha Nyamizi alibeba sinia la kwanza la kachumbari. Shija la pili. Wakaenda nyuma ya ua kwenye shimo la taka.

"Ee! Ee! Mtani, unaipeleka wapi?"

"Mzee Pazi kanituma! Kasema ana njaa, na haya ndiyo yake!" Wakamwaga. La tatu pia. Mzee mmoja wa msikitini akanung'unika, "Mtani, hapo umezidi," na Nyamizi akamwamkia kwa kupiga magoti, akampaka mafuta ya mnyororo puani. Mzee akacheka mwenyewe.

Kachumbari mpya wakaikata wao, mikono kwanza wameisugua kwa sabuni hadi kwenye viwiko, vyombo wamevimwagia maji ya kuchemka. Shija alikata vitunguu huku machozi yanamchirizika hadi kidevuni. "Mtazameni Msukuma!" wanawake wakapiga vigelegele. "Anamlilia Pazi kuliko mke!"

Na fidia? Mtani akiteka lazima akombolewe. Nyamizi alipanda juu ya kreti.

"Hatutaki kitu chenu. Tunataka kila Mzaramo anawe kwa sabuni, kwenye bomba lile, maji yanayotiririka, bakuli la pamoja hatulitaki! Na anahesabu mpaka ishirini kwa sauti, tuone kama mlisoma!"

Mstari ukawa mrefu hadi barabarani. Mia nne wananawa, wanahesabu, wanachekana. Wazee walifika kumi na mbili wakarukia kumi na nane, wakarudishwa nyuma. Pilau ikapakuliwa inafuka, ndizi zikagawiwa na maganda yake, maji yakanywewa bombani. Saa saba ilifika, simu ya Nyamizi ikatetemeka mfukoni mara moja, ikanyamaza.

Bi Mwanamvua alilishwa na Bi Sijali, tonge kwa tonge, kama bibi harusi.

*

Siku thelathini ni nyingi ukizihesabu moja moja.

Kila jioni Bi Mwanamvua alikuja zahanati na kikapu, kama anayeleta mboga. Alimeza kidonge mbele ya nesi, cha asubuhi alishameza nyumbani. Siku ya tano kinusi kilikuwa bado chekundu. Siku ya tisa kijani, siku ya kumi chekundu tena. Nyumbani alisema nesi kamkataza kuinama mbele ya moto kwa sababu ya presha, na kwa kuwa msiba wa Pazi wote walimwona jikoni anatekwa, hakuna aliyetazama choo chake.

Siku ya kumi na moja walimleta Bi Sijali, anatetemeka, joto thelathini na tisa na nusu.

Nyamizi alimtoa damu mwenyewe. Alipokuwa anasubiri kipimo alikaa kwenye benchi la wagonjwa, mikono katikati ya magoti. Alijiuliza kitu ambacho hakuwahi kuthubutu kujiuliza. Watu mia nne walikula bila kujua, na hawakujua kwa sababu yake. Nani alimpa haki hiyo? Bi Mwanamvua alikuwa na siri, sawa. Na Bi Sijali, hakuwa na tumbo?

Shija alikaa pembeni yake.

"Vinusi nilivifunga mimi," alisema. "Sijakuuliza, na sikuulizi."

Kipimo kikalia. Malaria, taifodi hamna.

Nyamizi alimkumbatia mgonjwa. "Nesi," alisema Bi Sijali, meno yanagongana, "mbona unafurahia malaria yangu?"

Siku ya thelathini ujumbe wa dhamana ulikuja, neno moja. *Imefungwa.* Baada ya hapo sampuli tatu zilikwenda maabara ya wilaya, siku tofauti, na tatu zikarudi safi.

*

Arobaini ya Mzee Pazi, Bi Mwanamvua alipika mwenyewe. Nyamizi alifika mapema, akakaa mwisho wa mkeka, kilo ya sukari mapajani.

Dua ilipoisha, kabla sahani hazijazunguka, Bi Mwanamvua alisimama katikati ya ua. Mikononi alikuwa na sinia moja la kachumbari.

"Jamani. Mnaikumbuka siku ile watani walinifunga?"

Vicheko.

"Haikuwa utani peke yake." Aliangalia sinia, hakuangalia watu. "Nyumba yangu ilikuwa nyekundu. Taifodi. Nilikuwa nayo ndani miaka na miaka, siumwi, sijui. Nesi alijua, akanifichia, akanitibu. Sasa nimepona, karatasi za maabara ninazo. Siri ilikuwa yangu, nimeamua kuitoa." Akavuta pumzi. "Chausiku, mwanangu. Ni mimi. Nisamehe."

Vicheko vilikwisha zamani. Watu walitazama mikono yao, wengine walitazama simu. Chausiku alikuwa kasimama karibu na nguzo ya turubai, msichana wa miaka kumi na saba, kiganja kimekwenda chenyewe tumboni, pale penye kovu.

Bi Mwanamvua akatembea hadi mwisho wa mkeka. Akalishusha sinia mbele ya Nyamizi.

"Nilikuuliza swali," akasema kwa sauti ndogo. "Hukunijibu."

Nyamizi alinyanyuka. Akaenda bombani, akanawa, akahesabu kwa sauti hadi ishirini, ua mzima unamsikiliza. Akarudi, akakaa. Akachota kachumbari kwa vidole vitatu, nyingi, imejaa, akaitia mdomoni. Akatafuna. Ndimu ikamkunja uso.

"Chumvi hamna," alisema.

"Mnyamwezi!" Bi Mwanamvua akajifuta jicho kwa kiwiko. "Wewe chumvi umeijulia wapi?"

Kuna mtu alicheka, mmoja tu, akaacha. Halafu nyayo zikasikika. Chausiku alikuwa anakuja, taratibu, anapita katikati ya watu. Alichuchumaa karibu na sinia. Alimtazama Bi Mwanamvua muda, kama anayetafuta kitu usoni pake, na sijui kama alikipata. Akanyoosha mkono kwenye kachumbari.

Bi Mwanamvua akaupiga kofi dogo.

"Umenawa?"